Brashi ya sola ya kupitisha maji: nunua ya mkono, ya umeme iache dukani

Brashi za kuoshea paneli za sola zimejaa Luthuli na River Road jijini Nairobi, na kwenye maduka ya mtandaoni, na nyingi ni kifaa kile kile kilichobandikwa nembo tofauti. Mpini ni wa alumini, vipande vitatu au vinne vinavyochomoana hadi mita 5 au 7. Kichwa kina nywele za nailoni na upana wa sentimita 30 hivi. Maji hupanda kwa mpira mwembamba na kutokea kwenye vitundu vilivyo kati ya nywele, na chini kuna koki ya kufungua na kufunga. Tunakipima kifaa hicho hapa, pamoja na ndugu yake wa umeme mwenye vichwa viwili vinavyozunguka, na vikorokoro ambavyo muuzaji hupenda kuvifunga kwenye bei moja.

Kwa bangalo, kwa paneli zilizo juu ya karakana ya gari, au kwa paa la zege unaloweza kusimama juu yake, brashi ya mkono ya mita 5 inatosha kabisa. Kwa mezoneti ambayo paneli ziko juu ya ghorofa ya kwanza, hata ya mita 7 itakuangusha. Ukingo wa paa la mezoneti huwa kama mita 6 kutoka chini, kwa hiyo ukisimama uani mpini unafika ukingoni tu, tena ukiwa wima kiasi kwamba brashi inagusa fremu ya chini na hailali kwenye kioo. Isitoshe, alumini nyembamba iliyorefushwa kupita mita 5 hupinda na kuyumba, na brashi ikianza kuyumba huwezi kujua unasugua kwa nguvu kiasi gani. Nyumba kama hiyo ni ya kuitia fundi mwenye mkanda wa usalama na kamba.

Kabla ya kurefusha mpini wowote wa alumini, inua macho utafute waya wa umeme wa Kenya Power unaotoka kwenye mlingoti kuingia nyumbani. Mitaa mingi waya huo unapita juu ya ua, karibu na ukingo wa paa, na alumini iliyolowa maji haina huruma. Kama waya uko ndani ya mita 3 kutoka mahali mpini unapozungukia, acha kabisa kuosha kutoka upande huo.

Tatizo linalowakwaza wanunuzi wengi halimo kwenye brashi. Ni presha ya maji. Picha za matangazo zinaonyesha maji yakiruka kutoka kwenye kichwa, lakini nyumba nyingi Nairobi hazipati maji moja kwa moja kutoka bomba la mtaa. Zinatumia tangi la juu linalojazwa siku za mgao. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya takriban ba (bar) 1. Tangi lililo juu ya mnara wa mita 4 linakupa ba 0.4 kwenye mfereji wa uani, na maji hayo hayapandi juu kuliko usawa wa maji ndani ya tangi hata ufanye nini. Kama paneli ziko juu ya tangi, brashi haitatoa hata tone. Kama ziko chini kidogo, yatadondoka kwa unyonge na vitundu vya pembeni vitabaki vikavu.

Nyumba yenye pampu ya kuongeza presha haina shida. Isiyo nayo, tafuta pampu ndogo ya volti 12 ya kiwambo, zile zinazouzwa kwa wanaonyunyizia dawa shambani. Iliyoandikwa presha ya PSI 100 na lita 4 au 5 kwa dakika inafaa. Huvuta ampia 5 hivi, kwa hiyo betri ya alamu ya 7Ah itaiendesha chini ya saa moja, na muda huo unatosha paneli 10. Tumbukiza mpira wa kuvutia ndani ya mtungi wa lita 20 ukiwa na kichujio cha wavu mwishoni. Kichujio hicho ni lazima: mchanga mdogo kutoka chini ya tangi huziba vitundu vya brashi na kuharibu vali za pampu. Panga lita 3 hadi 5 kwa kila paneli kubwa, ikiwemo kulowesha na kusuuza. Paneli 10 ni mitungi miwili, mitatu ukiwa na kinyesi kingi cha ndege.

Maji gani? Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea bure. Wauzaji hutoa kichujio cha resini cha kuondoa chumvi na kusema huwezi kuosha bila hicho. Maji ya kanjo, yaani ya mfereji wa jiji, yanayotoka Ndakaini na Sasumua ni maji ya mabwawa, laini, na hayaachi alama za maana kwenye kioo. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi la paa, ni bora zaidi. Wenye haki ya kuwaza juu ya resini ni wanaotegemea kisima cha kuchimbwa, yaani maji ya chumvi. Hayo yakikauka juu ya kioo huacha madoa meupe ambayo yakirudiwa miezi na miezi yanakuwa ganda.

Kipimo cha TDS (chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, yakihesabiwa kwa ppm, sehemu kwa milioni) cha umbo la kalamu ndicho kikorokoro pekee kwenye kifurushi tunachokipendekeza bila masharti. Kikisoma chini ya ppm 50, osha na uondoke. Kati ya 50 na 150, osha jua likiwa halijatoka ili maji yateremke kabla hayajakauka. Zaidi ya hapo, tumia maji ya chumvi kulowesha na kusugua, kisha suuza mwisho kwa maji ya mvua au ya kanjo, hata lita moja kwa paneli. Resini inawezekana, lakini piga hesabu: lita moja ya resini mchanganyiko, kwa maji ya ppm 250, husafisha takriban lita 100 tu. Maji ya ppm 500 huimaliza kwa lita 50. Mtungi wa mvua ni rahisi kuliko kununua resini kila mwaka.

Sabuni ya paneli iliyomo kwenye kifurushi iache. Vumbi la Nairobi, liwe jekundu la Karen na Ruiru au la kijivu la Mombasa Road na Athi River, hutoka kwa maji na muda. Sabuni isiyosuuzwa vizuri huacha utando unaonasa vumbi jipya. Masizi na mafuta, kwa nyumba iliyo karibu na barabara ya malori au bomba la moshi wa jikoni, yanahitaji matone machache tu ya sabuni laini ya vyombo ndani ya ndoo ya lita 10, kisha kusuuza mara mbili. Jiki, dawa ya choo na unga wa kusugulia sufuria visikaribie paneli. Kioo cha paneli kina tabaka jembamba mno la kupunguza mng'ao, hupimwa kwa nanomita, na vitu hivyo hulichuna au kuila alumini ya fremu. Utomvu, lami au silikoni iliyomwagwa na fundi wa paa hutolewa kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, sehemu hiyo tu.

Sasa kichwa chenyewe. Nywele nzuri zimegawanyika nchani kama unyoya, na ukizisugua nyuma ya mkono hazichomi. Zile ngumu za mviringo, zinazofanana na za ufagio wa choo, hukwaruza, na mikwaruzo hiyo huonekana jua likiwa limelala. Angalia pia mpira wa kuzuia ulio pembezoni mwa kichwa: kama hakuna, plastiki ngumu itagonga fremu na kona za kioo kila ukigeuza. Baadhi ya vichwa vina ukingo wa mpira wa kupangusia maji upande wa pili. Kwenye dirisha ni mzuri. Kwenye paneli husukuma mchanga uliobaki na kuchora mistari. Usiutumie. Acha maji yateremke yenyewe.

Namna ya kuosha ina mambo machache ambayo karatasi ya maelekezo ya dukani huyaruka. Wakati mzuri ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa mbili, hasa miezi ya baridi ambapo umande umeshalainisha uchafu usiku kucha. Mchana kioo hupita nyuzi 60, na maji baridi juu yake ni hatari kwa kioo chenye ufa mdogo usioonekana, tena hukauka kabla ya kuteremka. Zima breka ya AC ya inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa wa nyumbani) kwanza, halafu isoleta ya DC, yaani swichi ya kukata umeme unaotoka kwenye paneli. Kumbuka kwamba kuzima inverta hakuondoi umeme kwenye paneli: mstari wa paneli 8 za wati 550 una takriban volti 400 za DC mara tu mwanga unapotokea. Kwa hiyo zungusha macho kabla ya maji. Paneli yenye kioo kilichopasuka, waya uliochubuka au koneka (kiungio cha waya) iliyoachana isiloweshwe. Kama paa linakinga maji ya tangi la kunywa, chomoa bomba la kuteremshia kwanza. Watu wengi husahau na kinyesi cha kunguru kinaishia tangini.

Lowesha mstari mzima, subiri dakika 3 hadi 5, lowesha tena. Kisha anzia juu, teremsha brashi mara moja kwa uzito wake mwenyewe, bila kukandamiza. Inua, isafishe kwenye ndoo, rudia ukanda unaofuata. Brashi isiyosuuzwa baada ya kila paneli inageuka msasa. Kinyesi kikavu cha korongo au kwarara hakisuguliwi: laza juu yake kitambaa kilicholowa kwa dakika 10 kitoke kwa kufuta. Wakati huo huo wa kulowa ndio wa kuondoa maua ya mjakaranda, ambayo Oktoba na Novemba hunata kwenye ukingo wa chini kama karatasi yenye gundi.

Usirushe maji chini ya paneli. Koneka za paneli, za aina ya MC4, zilizofungwa vizuri huhimili mvua, lakini zile za bei ya chini zilizobanwa kwa koleo la kawaida huingiza maji. Dalili yake ni inverta kukataa kuwaka asubuhi ikionyesha hitilafu ya kinga ya umeme, kisha kuwaka yenyewe saa nne kila kitu kikishakauka. Hilo likitokea baada ya kuosha, kuna koneka mbovu tayari. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, aifungue, usiichezee. Kwa sababu hiyo hiyo mashine ya presha ya kuoshea magari haina nafasi hapa. Nyingi hutoa zaidi ya ba 100, na maji hayo hupenya kati ya kioo na fremu. Watengenezaji huandika kikomo cha presha kwenye kitabu cha paneli. Ukikivuka umejinyima waranti.

Kuna uchafu ambao brashi hii haiwezi kuumaliza. Ukingo wa chini wa fremu umeinuka milimita moja au mbili juu ya kioo, na maji yakisimama hapo huacha ukanda wa matope unaorudi baada ya kila mvua. Ukanda wa sentimita 3 unaonekana mdogo, lakini madhara yake yanategemea paneli imefungwaje. Paneli ya zamani ya seli nzima iliyosimamishwa wima (upande mfupi ukiwa chini) ina mistari yake yote mitatu ya seli ikipita chini, kwa hiyo ukanda huo unaikaba yote, na dayodi za ndani zinazopitisha umeme kando ya mstari uliozibwa hazisaidii. Ikilazwa kwa upana, ni theluthi moja tu inayoathirika. Paneli za nusu seli za sasa zina nafuu: sehemu ya juu huendelea kufanya kazi hata ya chini ikizibwa. Dawa ni vibano vidogo vya plastiki vya kutoa maji vinavyobandikwa kwenye ukingo wa chini, viwili kwa paneli. Vipimo vyake hufuata unene wa fremu, 30, 35 au 40mm, na visivyolingana huchomoka upepo ukivuma. Vinauzwa kwa bei ndogo na vinapunguza kazi kuliko kichwa chochote cha brashi. Paneli zilizolazwa karibu tambarare juu ya zege hazitapona hata kwa vibano. Zinahitaji mwinamo wa angalau nyuzi 10.

Tukija kwa ile ya umeme. Vichwa viwili vinavyozunguka kinyume, betri, chaja, na mpini mzito zaidi. Inauzwa mara kadhaa ya bei ya brashi ya mkono. Kwa shamba la sola lenye mamia ya paneli inaokoa siku nzima. Kwa paneli 6 au 12 za nyumbani inaongeza uzito kileleni mwa mpini, pale pale ambapo mikono inahitaji wepesi. Ikidondoka kutoka mita moja juu ya kioo, pembe yake ngumu inatosha kupasua. Mota ikisimama, vipuri vyake ni vya kuagiza. Na mzunguko wake unamshawishi mtumiaji kuruka hatua ya kulowesha, akidhani nguvu itafanya kazi ya maji. Matokeo ni mchanga mkavu unaozungushwa juu ya kioo kwa kasi. Haifai nyumbani, hata kwa bei ya punguzo.

Je, brashi ya mkono inarudisha pesa? Inategemea unaishi wapi na betri yako ikoje. Mfumo wa paneli 10 za wati 550 hapa hutoa uniti 22 hivi kwa siku ya wastani. Uchafu ukila asilimia 5, unapoteza uniti moja na kitu. Tukihesabu uniti kwa shilingi 28, ni shilingi 30 kwa siku, 900 kwa mwezi. Tuseme fundi anakutoza 200 kwa paneli: 2,000 yake inarudi baada ya miezi miwili na zaidi, na kufikia hapo vumbi limesharudi. Ndiyo maana kumwita kila mwezi ni hasara, na kuwa na brashi yako kuna maana. Lakini kama betri hujaa saa sita mchana na umeme wa ziada hauendi popote, uchafu wa Januari haukupunguzii chochote. Utauhisi Julai, wingu likitanda wiki nzima na kila ampia ikihesabika.

Kwa nyumba nyingi, mara mbili kwa mwaka zinatosha: mwishoni mwa Januari kiangazi kikiwa kimeshika, na mwishoni mwa Juni mvua za masika zikiwa zimeacha matope na ukungu wa kijani ukingoni. Aliyepakana na jengo linalojengwa, barabara ya vumbi au mti wanaolala korongo aongeze moja mwezi wa Septemba. Usiamue kwa kutazama kutoka chini, wala kwa volti. Vumbi hupunguza ampia. Volti hubaki karibu pale pale, kwa hiyo fundi anayepima volti na kukuambia paneli ziko safi hajakwambia kitu. Ukiwa na mistari miwili inayofanana kwa idadi na mwelekeo, osha mmoja, uache mwingine, kisha soma ampia za kila mstari kwenye skrini ya inverta saa sita na nusu mchana anga likiwa jeupe. Tofauti ikiwa chini ya asilimia 3, mstari wa pili unaweza kusubiri mvua. Kuosha paneli moja katikati ya mstari hakupimi lolote, kwa sababu zimeungwa mfululizo na iliyo chafu huwavuta wenzake.

Ukiamua kununua, mwambie muuzaji akuruhusu kuurefusha mpini wote pale pale. Bana vifungo, simamisha ncha moja sakafuni, na uukandamize kwa mikono miwili: ukiteleza dukani, utateleza zaidi ukilowa. Vifungo vya plastiki ndivyo hufa kwanza, vikifuatwa na koneka za kubofya za mpira wa maji, ambazo pete zake za mpira za ndani hukauka na kuvuja. Chagua zenye kipimo cha kawaida cha nusu inchi ili ubadilishe kwa zile za bustani kutoka duka lolote la hadiwea. Uliza kama kichwa kinauzwa peke yake na kama uzi wake wa skrubu wa kufungia ni wa kawaida, maana nywele zitalala baada ya misimu kadhaa na mpini utakuwa bado mzima. Kinachofungwa kwa pini maalumu ya mtengenezaji, kirudishe kabatini. Nyumbani kitundike nywele zikitazama chini, mbali na jua, na mwage maji yote yaliyobaki kwenye mpira, la sivyo ukungu utaziba vitundu kabla ya msimu ujao.